Mtoi Akichora Usimpokonye Penseli

Nairobi tunapenda nganya iliyochorwa ikachoreka. Msee anaachilia mathree tatu zipite akingoja ile ya grafiti kali. Lakini mtoi akichora nyuma ya kitabu ya hesabu? Anachapwa.

Hapo ndio tunajichanganya. Enzi za 8-4-4, Art and Craft ilitolewa kwa mtihani wa KCPE, na kitu haiko kwa mtihani, odijo ataiwekea bidii ya nini? CBC imeirudisha. Senior school iko na njia tatu, na moja ni ya sanaa na michezo. Kwa karatasi iko poa. Kwa ground, kuna shule hazina rangi wala mwalimu wa kuchora, na ile kazi ya mtoi inamaliziwa na matha usiku.

Cheki Mukuru. Wajukuu Art Project, wasanii wa mtaa, hufunza watoi kuchora huko Lunga Lunga. 2022 walipeleka kazi yao documenta, maonyesho makubwa ya sanaa huko Kassel, Ujerumani. Walishinda tuzo ya Arnold Bode.

Si lazima kila mtoi akuwe msanii. Kuchora kunamfunza kuangalia kitu poa, kufuta na kuanza tena. Fundi wa nguo anahitaji hiyo, injinia pia.

Kama sanaa ni njia kama zingine, serikali ilete walimu na rangi. Bila hiyo, itabaki njia ya watoi wa mababi pekee.