Bahari Ndani ya Sanduku la Kioo



Ninyi mnafuga mbuzi na kuku, na wengine wenu mnafuga nyuki. Kila mfugaji anajua taabu ya mifugo yake: mbuzi ataka majani, kuku amwogopa mwewe, na nyuki hukimbia mzinga ulioingiwa na siafu. Leo nataka kuwapa habari za watu wanaofuga kitu ambacho wengi wenu hamjapata kukiona kikifugwa. Wanafuga bahari. Wamo Ulaya, wamo Marekani, wamo Japani, na wengi wao wanakaa mbali sana na pwani. Sebuleni mwao wameweka sanduku kubwa la kioo, na ndani yake mna maji ya chumvi, samaki wa rangi nyingi, na mwamba wa matumbawe ulio hai.

Usicheke, ndugu msomaji, wala usiseme kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha na hayakuhusu. Soma mpaka mwisho, kisha jioni wasomee watoto. Maana mtu anayejaribu kuitengeneza bahari kwa mikono yake hujifunza upesi jambo ambalo sisi twalisahau: kazi kubwa hufanywa na viumbe vidogo visivyoonekana, nayo haikubali haraka.

Kwanza tuulize, tumbawe ni nini? Watu wa pwani wanalijua tangu zamani. Nyumba za kale za Lamu, Kilwa na Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilichomwa kutoka mawe hayo hayo. Kwa hiyo wengi hudhani ni jiwe tu. Wengine wakiona matawi yake husema ni mti wa baharini. Kumbe ni mnyama! Au tuseme, ni wanyama wadogo wengi waliokaa pamoja, kila mmoja mlaini, mwenye mdomo uliozungukwa na vidole vidogo vya kukamatia chakula. Mnyama huyo huchukua chokaa iliyoyeyuka katika maji ya bahari, akajijengea nyumba ya jiwe. Na ndani ya mwili wake hukaa mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hupokea mwanga wa jua, hutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenye nyumba. Naye huipa mimea makao na mbolea. Wakitengana, mnyama huyo yu mashakani.

Basi, mtu akitaka kuwa na mwamba kama huo nyumbani, huanzaje?

Tuseme anataka sanduku lenye urefu wa meta 2, upana wa sentimeta 70 na kimo cha sentimeta 70. Humo yataingia maji karibu lita 1,000. Hesabu uzito wake: ni kilo 1,000 na zaidi kidogo, sawa na magunia 10 ya mahindi ya kilo 100 kila moja, yakiwa yamesimama mahali pamoja. Bado hujaweka mawe, wala hujapima kioo chenyewe. Kwa sababu hiyo, mwenye busara huangalia sakafu kabla ya kununua kioo. Kisha hutengeneza meza imara iliyonyooka sawasawa, maana ikiinama kidogo tu, maji hulemea upande mmoja na kioo kinaweza kupasuka.

Maji nayo yana kazi yake. Maji ya bomba huchujwa mpaka yasibakiwe na kitu, kwa sababu hata shaba kidogo, isiyomdhuru mtu anayeyanywa, huwaua konokono, kaa na matumbawe. Halafu hutiwa chumvi, gramu 35 kwa kila lita. Kwa lita 1,000 ni kilo 35. Lakini chumvi ya jikoni haifai. Bahari ina madini mengi mengine pamoja na chumvi, na tumbawe huyahitaji ili lijenge nyumba yake. Hivyo hununuliwa chumvi iliyotengenezwa makusudi, yenye madini hayo kwa kipimo chake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Maji yamejaa, taa zinawaka, kila kitu kinang'aa. Mwenye nyumba hawezi kungoja. Kesho yake ananunua samaki 10, na baada ya siku chache wote wanaelea juu wamekufa. Kwa nini? Wewe mwenye mbuzi unaweza kumjibu. Ukiingia katika banda lisilofagiliwa, husikia harufu kali inayochoma pua. Hiyo ni amonia, itokayo katika mkojo wa wanyama. Samaki nao hutoa amonia, na ndani ya sanduku hawana pa kuikimbia.

Katika bahari kuna bakteria, yaani vijidudu vidogo sana, ambavyo huila amonia na kuigeuza kitu kingine kiitwacho naitraiti. Hicho nacho ni sumu. Vijidudu vya namna nyingine huipokea naitraiti na kuifanya naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Vijidudu hivyo havinunuliwi vikafanya kazi yote siku ile ile. Hapana budi vizaliane, navyo huchukua majuma manne hadi sita, pengine zaidi. Mama anayetengeneza togwa anafahamu jambo hili. Kimea hakisikii amri ya mtu mwenye njaa.

Kwa miaka mingi watu hawakulijua neno hilo vizuri. Walidhani kwamba dawa ni usafi. Waliyachukua matumbawe yaliyokufa, wakayaosha kwa dawa mpaka yakawa meupe kama mifupa, wakayapanga katika sanduku. Yalipendeza kwa macho, lakini hayakuwa na uhai. Alikuwapo mtu mmoja huko Jakarta, Indonesia, jina lake Lee Chin Eng, ambaye alifuata njia nyingine. Alichukua baharini mawe yenye viumbe vyake, mawe ambayo mwingine angesema ni machafu, akayatia katika maji ya bahari na kupitisha mapovu ya hewa tu. Matumbawe yake yakaishi. Mwaka 1961 aliandika habari hiyo katika gazeti moja la wafugaji wa samaki la Marekani. Wengi hawakumfuata mara moja, lakini leo karibu kila mfugaji wa matumbawe huanza kwa mawe yenye vijidudu hai, au huvipandikiza vijidudu hivyo katika mawe makavu. Jiwe lililoonekana chafu ndilo lililokuwa na uzima.

Baada ya kungoja, huingizwa konokono na kaa wadogo wa kula mwani. Halafu samaki mmoja au wawili. Halafu matumbawe laini yasiyo na taabu nyingi. Yale magumu yenye matawi hungoja mpaka maji yatulie, na mara nyingi mwaka mzima hupita.

Msifikiri kwamba sasa kazi imekwisha. Kila asubuhi mfugaji hutazama kipimajoto. Yafaa maji yawe na joto la digrii 25 au 26. Kisha huongeza maji yaliyopungua. Je, huongeza maji ya chumvi? La. Mama ukiuacha mchuzi motoni, maji hupanda kwa mvuke lakini chumvi hubaki, na mchuzi huzidi kuwa mkali. Ni vivyo hivyo katika sanduku: huongezwa maji baridi yasiyo na chumvi. Taa kali huwashwa saa 8 hadi 10 kwa siku badala ya jua. Mashine za kusukuma maji hufanya kazi ya mawimbi, usiku na mchana. Mashine nyingine hupiga povu, kama lile unaloliona ufukweni siku ya upepo, na povu hilo hubeba uchafu ukamwagwa nje. Kila juma mfugaji hupima madini, kwa maana matumbawe yanayokua huyala. Kalsiamu, ambayo ndiyo asili ya chokaa, yapasa iwe karibu miligramu 420 katika kila lita. Tena kila juma au kila majuma mawili huondoa sehemu moja ya kumi ya maji na kuweka mapya.

Na umeme ukikatika? Maji husimama, hewa hupungua, na katika saa chache samaki huanza kuhema juu ya maji. Usiku mmoja unaweza kuharibu kazi ya miaka mitano. Kwa ajili hiyo, wenye masanduku makubwa huweka betri au jenereta karibu.

Wengine watauliza: Je, huo si ubadhirifu? Swali hilo ni la haki. Yako mabaya katika kazi hii. Katika nchi za Ufilipino na Indonesia wako waliowakamata samaki wa mapambo kwa sumu ya sianidi, wakaua matumbawe mengi ili wapate samaki mmoja aliyelewa. Lakini yako na mema. Wafugaji waaminifu hukata kijiti cha tumbawe, wakakigandisha juu ya jiwe, kikakua kama muhogo ulivyopandwa kwa kipande cha mti. Hivyo hawahitaji kuichokoa bahari. Huko Monako, katika jumba la elimu ya bahari lililofunguliwa na Mwana wa Mfalme Albert wa Kwanza mwaka 1910, matumbawe yamekuzwa kwa vipande tangu mwaka 1989, nayo yamewafundisha wataalamu mengi.

Fundisho kubwa kuliko yote ni juu ya joto. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa digrii 1 au 2 tu, yakakaa hivyo kwa majuma kadhaa, tumbawe huitoa nje ile mimea midogo inayolilisha, likabaki jeupe. Joto lisipopungua, hufa kwa njaa. Mfugaji akiona hivyo hukimbilia mashine yake ya kupoza maji. Lakini mwaka 1998 jambo hilo lilitokea katika bahari yetu wenyewe, tangu Kenya na Tanzania mpaka Shelisheli, na mwaka 2016 likatokea tena. Huko hapakuwa na mashine ya kukimbilia.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mtu mmoja huko ng'ambo hutumia fedha nyingi na kuamka kila asubuhi ili aulinde mwamba wenye urefu wa meta 2. Sisi Mwenyezi Mungu ametupa mwamba unaofuata pwani yetu tangu kusini hadi kaskazini. Ameuwashia jua bila malipo, ameupa mawimbi bila mashine. Samaki wanaoliwa na watoto wa pwani huzaliwa na kujificha humo, na mawimbi makali huvunjika hapo kabla ya kufika vijijini. Halafu anakuja mtu na baruti! Tumbawe la duara lililo kama jiwe kubwa hukua karibu sentimeta 1 kwa mwaka. Lenye kimo cha meta 1 limechukua miaka kama 100. Baruti hulivunja kabla hujamaliza kufanya ishara ya msalaba.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 uitwao Laudato Si', hakuona haya kuyataja matumbawe pamoja na mambo makubwa ya dunia. Alijua kwamba nyumba yetu sote ni moja.

Basi tufanye nini? Wewe wa pwani, usinunue samaki aliyeuawa kwa baruti, ingawa bei yake ni nafuu, maana unanunua njaa ya mwanao. Usikanyage matumbawe wala usiyang'oe yaliyo hai ili uchome chokaa. Nawe wa bara, usidhani umesahauliwa. Udongo unaotoroka shambani kwako wakati wa masika hauishii mtoni. Mto Sabaki hubeba udongo wa bara mpaka Malindi, na tope likilifunika tumbawe hulinyima mwanga, kama taa iliyozimwa katika sanduku. Ukichimba makinga maji mlimani na kupanda miti kando ya mto, unaokoa shamba lako, na pamoja nalo unaokoa mwamba ambao labda hutauona maisha yako yote.

Jioni, baada ya Rozari, waulize watoto: ni kitu gani kidogo ambacho Mungu hukitumia kufanya kazi kubwa? Mmoja atasema nyuki, mwingine atasema chachu. Safari hii nanyi wazazi mnalo la kuongeza.