Ugali Umekosea Nini?

Nimechoka na hii stori ya "ugali ndio unaharibu ngozi ya mbwa wako." Kila nikifungua simu kuna mtu ameshika mfuko wa chakula kisicho na nafaka, anatabasamu, ati hiyo ndiyo dawa ya mzio. Na nyinyi wasee mnatoa pesa.

Mimi pia nilitoa. Bosco alikuwa anajikuna mpaka damu, masikio yananuka, usiku kucha analamba miguu. Nikanunua huo mfuko. Wiki tatu baadaye mambo ni yale yale. Ndipo nikasoma nyuma ya mfuko: kitu cha kwanza kwenye orodha ni kuku. Kuku! Na huyu mbwa amekula vichwa na miguu ya kuku tangu akiwa mdogo.

Mzio wa chakula mara nyingi ni mwili kupigana na protini ambayo mbwa ameizoea. Mwaka wa 2016 watafiti walijumlisha rekodi za mbwa 297 wenye shida hii. Nyama ya ng'ombe ilisumbua asilimia 34, maziwa 17, kuku 15, ngano 13. Kwa hivyo chapati, sawa, tuishuku. Lakini mahindi? Karibu asilimia 4. Ugali wa watu mnausingizia bure.

Na msiniletee vile vipimo vya nywele na mate. Haviaminiki kwa hii kazi.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha, ndiyo maana haiuzi. Kwanza maliza viroboto, maana mbwa wengi wanajikuna kwa sababu yao tu. Muone daktari wa mifugo, masikio yatibiwe. Halafu wiki nane, nyama moja ambayo mbwa hajawahi kula, na wanga mmoja. Sisi tulitumia sungura na viazi vitamu. Kama wako ameshazoea sungura, hiyo si yako, tafuta nyingine. Na usimweke kwa hicho chakula maisha yote bila daktari kukipanga, atakosa madini kama kalisi.

Shida kubwa ni watu. Jirani anarusha mfupa juu ya ua. Shosho anampa chai ya maziwa, "kidogo tu, anahurumisha." Hata dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama inaweza kukuharibia hesabu, na unaanza tena siku ya kwanza. Niligombana na nyumba nzima.

Wiki ya saba Bosco alilala usiku wote. Zilipoisha nane nikamrudishia kuku, makusudi, kidogo kidogo. Siku ya tatu akaanza kujikuna. Hapo ndipo nilijua. Kabla ya hapo nilikuwa nabahatisha na pesa yangu na ngozi yake.

Sasa wewe mwenye mfuko, kwenye video yako ijayo ugeuze kamera upande wa nyuma. Tuonyeshe ndani kuna nyama gani.