Mwenye Uzio Ndiye Alaye Nyama?

Muhula uliopita, katika kipindi cha mdahalo, mwalimu aliandika ubaoni mada ambayo kwanza ilituchekesha: "Kwa uwindaji wa kulungu nchini Marekani, ardhi binafsi ni bora kuliko ardhi ya umma." Mwalimu wetu hupenda kututoa mbali na nyumbani ili tusirudie hoja tulizozikariri. Mimi nilipangwa upande wa kupinga, na tulishindwa vibaya. Msemaji wa upande wa pili, ndugu yangu ninayemheshimu kwa ufasaha wake, alifunga kwa methali: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Darasa zima likapiga makofi. Naandika insha hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, naamini darasa lilikosea. Ya pili, nina mjomba huko.

Mjomba, mdogo wake mama, aliondoka kambi ya Nyarugusu akiwa na mke na watoto wanne, wakapelekwa Abilene, mji ulio magharibi mwa jimbo la Texas. Anafanya kazi ya usiku kiwandani. Sisi ni watu wa Uvira, na babu aliwinda kwa mbwa na mkuki katika misitu ya Itombwe. Kwa hiyo Mjomba alipoanza kuwaona kulungu wakivuka barabara alfajiri, wakati anatoka kazini, aliwauliza wenzake jinsi ya kuwinda. Aliuliza habari za leseni na bunduki, lakini wao walimuuliza kwanza kama ana ardhi. Hana. Basi, wakamwambia, tafuta mwenye ardhi umlipe. Bei ya kukodi nafasi ya msimu mmoja aliyotajiwa ilizidi mshahara wake wa mwezi, na ilitakiwa ilipwe kabla hajaona hata unyayo wa mnyama. Akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, huku mnyama ni wa watu wote, ila njia ya kumfikia ni ya wachache."

Sentensi hiyo ndiyo hoja yangu yote. Mengine nitakayoandika ni kuifafanua tu.

Nianze na jina ili tusipotezane. Kamusi zetu humwita mnyama huyu kulungu, lakini si kulungu wetu wa vichakani. Wetu huota pembe zake mara moja akabaki nazo maisha yake yote. Dume wa Marekani huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Aliye wengi zaidi ni kulungu wa mkia mweupe, na ndiye anayewindwa Texas.

Kulungu huyo ni mali ya nani? Hapa wenzangu wa upande wa pili walipita haraka, na ninaelewa kwa nini. Sheria ya wanyamapori ya Texas inasema wazi kwamba wanyamapori wote waliomo ndani ya mipaka ya jimbo ni mali ya watu wa jimbo hilo. Si mali ya mwenye shamba wanamolala. Fikra hiyo ina mizizi mirefu. Uingereza ya zamani, kulungu alikuwa wa mfalme na mabwana wakubwa, na sheria ya mwaka 1723 iliweka adhabu ya kifo kwa watu walioiba kulungu huku wamejipaka masizi usoni. Marekani ilichagua njia nyingine. Mwaka 1842 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Martin dhidi ya Waddell iliyohusu chaza wa New Jersey, iliweka msingi kwamba mali ya asili ya namna hiyo hushikwa na dola kwa niaba ya wananchi. Wanyamapori nao wakaja kuhesabiwa hivyo hivyo.

Sisahau kwamba ardhi yote hiyo, ya umma na ya binafsi, ilichukuliwa kutoka kwa wenyeji wa asili. Lakini hilo ni sababu ya kuwa waangalifu zaidi tunaposikia mtu akisema "hiki ni changu peke yangu". Si sababu ya kukubali haraka.

Sasa nizitaje hoja za wapinzani wangu kwa haki, maana mdahalo hauendeshwi kwa kumvika mwenzako maneno mabovu. Walisema mambo matatu. Kwanza, mwenye ardhi hutunza: hupanda malisho, huchimba visima, huwaacha madume wachanga wakue. Pili, ardhi ya umma ina msongamano. Wawindaji hukanyagana, risasi huwa hatari, na wanyama hukimbia. Tatu, kulungu hula mazao ya mwenye shamba, naye hulipa kodi ya ardhi, kwa hiyo ni haki yake kupata chochote.

Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, nami naukubali. Aldo Leopold, mmoja wa waasisi wa elimu ya uhifadhi Marekani, mwaka 1935 alinunua shamba lililochakaa kando ya mto huko Wisconsin, akapanda miti na familia yake hadi likapata uhai. Alikuwa mwindaji na alikuwa mwenye ardhi. Sina neno na watu wa namna hiyo. Lakini kumtunza mnyama siyo kummiliki. Jirani akimlisha mtoto wako chakula cha mchana, umshukuru. Asije jioni kukuambia kwamba mtoto sasa ni wake.

Tena, tukiuliza nani hasa alimwokoa kulungu wa Marekani, jibu si uzio. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamebaki wachache mno, kwa makadirio laki chache tu katika nchi nzima. Nyama na ngozi zao zilikuwa zikiuzwa sokoni bila kikomo. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30 hivi. Katikati ya hapo kulipita nini? Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilikataza kusafirisha kati ya majimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Majimbo yakaweka misimu, leseni na idadi ya wanyama ambao mtu mmoja anaruhusiwa kuua. Kulungu wakakamatwa walikosalia na kupelekwa walikotoweka. Kisha mwaka 1937 ikapitishwa sheria ya Pittman na Robertson, ambayo hupeleka ushuru wa bunduki na risasi kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Kwa bunduki ndefu na risasi ushuru huo ni asilimia 11.

Ushuru huo hulipwa kwenye bei ya kila boksi la risasi. Mwenye ekari 10,000 huulipa, na Mjomba, asiye na hata bustani ya mchicha, huulipa kwa kiwango kile kile. Leseni vilevile. Kwa hiyo Mjomba amechangia kumtunza kulungu ambaye anaambiwa hawezi kumfikia. Nawauliza wenzangu mliopiga makofi: huo ni utaratibu gani, wa kuchanga pamoja na kula peke yako?

Hoja ya pili ni ya msongamano. Ni kweli upo. Lakini Texas ina ukubwa wa takriban ekari milioni 171, na kiasi cha asilimia 95 ya ardhi hiyo ni ya watu binafsi. Kibali cha mwaka cha kuwinda kwenye ardhi iliyofunguliwa kwa umma, ambacho bei yake ni dola 48, humpa mtu nafasi kwenye karibu ekari milioni moja tu. Ukiwabana watu mia katika chumba kimoja, usiwalaumu kwa joto. Uliza vyumba vingine vimefungwa na nani. Ubaya wa ardhi ya umma ambao wenzangu waliutaja si ubaya wa umma. Ni ubaya wa udogo wa kile ambacho umma umeachiwa.

Upande wa pili wa seng'enge kuna jambo jingine. Baadhi ya mashamba ya Texas yamezungushiwa uzio mrefu wa zaidi ya mita mbili, ambao kulungu haruki kwa urahisi. Yapo pia mashamba ya kuzalisha, ambako madume huchaguliwa kwa ukubwa wa pembe, na wanyama husafirishwa kwa magari kutoka shamba moja hadi jingine. Kuna ugonjwa wa ubongo wa kulungu usio na tiba, unaowakondesha hadi kufa, ambao ulionekana kwanza mwaka 1967 huko Colorado kwa kulungu waliofungiwa. Texas uligunduliwa mwaka 2012 kwa kulungu wa porini, kisha mwaka 2015 ndani ya shamba la kuzalisha. Sisemi kwamba uzio ndio uliouzaa. Nasema kwamba mnyama anayepakiwa garini huusafirisha ugonjwa mbali kuliko miguu yake ingeweza, na ukishatoka nje ya uzio, anayeumia ni kulungu wa wote. Faida inabaki ndani na hasara inatoka nje.

Mfano ulionifanya niandike insha hii lakini unatoka jimbo la Wyoming. Huko, serikali iligawa ardhi kwa kampuni za reli katika karne ya 19 kwa mtindo wa ubao wa dama: kipande cha maili moja kwa maili moja cha kampuni, kinachofuata cha umma, kinachofuata cha kampuni. Vipande vya kampuni vikaja kuuzwa kwa watu binafsi. Sasa fikirini ubao wa dama. Miraba ya rangi moja hugusana kwa pembe tu. Mtu aliye kwenye mraba wa umma akitaka kwenda mraba mwingine wa umma, lazima apite kwenye ncha ile, na hapo wenye ardhi wakadai kwamba bega lako likipita hewani juu ya ardhi yao, umevamia.

Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri walikwenda Elk Mountain na ngazi ya chuma. Waliisimamisha penye ncha, wakapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, wala hawakukanyaga udongo wa mtu. Walishtakiwa kwa jinai. Mwaka 2022 jopo la wananchi likawaona hawana hatia. Mwenye ardhi akafungua kesi ya madai, na upande wake ukadai kwamba thamani ya shamba imeshuka kwa zaidi ya dola milioni 7. Mwaka 2023 jaji aliwapa ushindi wawindaji. Machi 2025 mahakama ya rufaa ikathibitisha, ikitegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuzingira ardhi ya umma, na Oktoba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa nyingine.

Hebu tuitafakari ile dola milioni 7. Hakuna jiwe lililovunjwa wala ng'ombe aliyekufa. Shamba lilibaki na ekari zile zile, nyasi zile zile, maji yale yale. Kilichodaiwa kupungua thamani ni nini? Ni uwezo wa kuwazuia wengine wasifike kwenye ardhi ya umma iliyomo katikati. Maana yake bei ya shamba ilikuwa imehesabu ndani yake kitu ambacho mwenyewe hakukinunua. Aliyesema kwamba mwenye ardhi anauza tu kilicho chake, anijibu hapo.

Imebaki hoja ya tatu, ya mazao yaliyoliwa na kodi iliyolipwa. Naikubali, na dawa yake ipo tayari. Jimbo la Montana tangu mwaka 1985, na Kansas tangu mwaka 1995, yana mipango ambayo serikali huwalipa wenye ardhi wanaofungua mashamba yao kwa wawindaji wa kawaida. Mkulima anapata fidia, mwindaji asiye na ardhi anapata njia, na kulungu anabaki wa wote. Texas nayo hukodi baadhi ya ardhi kwa mtindo huo, ila ni kidogo mno kwa jimbo kubwa namna hiyo. Simwombi mtu yeyote anyang'anywe shamba. Naomba tu kwamba anayefunga mlango asilipwe kwa kile kilicho nyuma ya mlango ambacho si chake.

Mjomba alinunua kile kibali cha dola 48, akaingia pia kwenye kura ya jimbo ya kuwinda siku maalumu. Mwaka wa kwanza hakupata, wa pili hakupata. Mwaka wa tatu jina lake likatoka. Alikaa kwenye baridi tangu saa kumi alfajiri, na mchana akapata kulungu mmoja. Jioni ile nyama iligawanywa kwa nyumba nne za jirani, zote za watu waliotoka kambini kama yeye. Kwetu, babu alipoua mnyama, paja moja lilikwenda kwa mwami na sehemu nyingine kwa waliosaidia na kwa wajane, kwa sababu msitu haukuwa wa babu. Mama aliposikia habari za zile nyumba nne, alisema tu: "Kumbe bado ni mtoto wa baba."

Namalizia na methali ya ndugu yangu. Siikatai hata kidogo. Mwenye kisu kikali na ale nyama: aliyeamka mapema, aliyejifunza nyayo na upepo, aliyevumilia baridi miaka mitatu akisubiri kura. Hicho ndicho kisu. Lakini methali haikusema mwenye uzio. Uzio haukati nyama. Huwazuia tu wenye visu wasifike.