Yasemwayo Matangani Kuhusu Aliyejiua

Mtu akijiua hapa kwetu mashariki mwa Kongo, Kasongo au Kabambare, maneno huanza kabla kaburi halijachimbwa. Mmoja atasema asisaliwe. Mwingine ataapa kwamba karogwa. Wa tatu atalalamika kuwa hayo ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa na simu. Wasemaji ni watu wazima, wengine wana kofia na tasbihi, wengine rozari shingoni, na kwa kuwa wanasema kwa uhakika, wafiwa huyapokea maneno hayo kana kwamba yametoka kitabuni. Mengi hayakutoka humo. Dini zetu mbili zimekikataza kitendo hicho, na makala haya hayaligusi katazo hilo. Yanayojibiwa hapa ni yale tuliyoyaongeza wenyewe juu ya katazo, kisha tukayabandika jina la Mungu.

"Wazee wetu hawakuyajua."

Waliyajua. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Paul Bohannan alihariri kitabu kizima kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika, chenye sura juu ya Wagisu, Wasoga, Waluhya, Wanyoro na Waalur, ambao baadhi yao wako kwetu Ituri. Jamii nyingi za ukanda huu zilikuwa na taratibu maalumu za mazishi na utakaso kwa kifo cha namna hiyo, na hakuna kabila linaloweka mwiko juu ya jambo lisilotokea.

Ushahidi mwingine uko mlangoni petu. Mmisionari David Livingstone alikaa miezi mingi Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, kati ya 1869 na 1871, akiuguza vidonda vya miguu. Katika shajara yake, iliyochapwa 1874 baada ya kufa kwake, aliandika juu ya maradhi yaliyomstaajabisha kuliko yote aliyoyaona nchini: watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa walikuwa wakifa kwa kuvunjika moyo. Alitaja mateka wa mfanyabiashara Said bin Habib waliovushwa mto Lualaba. Walipouona mto ule mpana umelala kati yao na kwao, nguvu zikawaishia, na wengi walikufa ndani ya siku tatu. Walipoulizwa wanaumwa nini walisema ni moyo tu, wakaweka mkono mahali pake hasa.

Watu wale hawakujiua. Lakini kukata tamaa kunakoweza kuua mwili kulikuwa hapa kabla ya bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kulitokana na kutekwa, kuvuliwa heshima na kutenganishwa na kwao. Yeyote aliyeona vijiji vya Kabambare vikihama kwa ajili ya vita vya makundi ya Mai-Mai anajua kwamba sababu hizo hazikuondoka na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Wala si maradhi ya nchi tajiri: Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaojiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

"Amekufa kafiri. Haoshwi wala hasaliwi."

Hili ndilo dai zito zaidi katika mji kama Kasongo, ambako Uislamu ulifika pamoja na watu wa pwani na madhehebu yao ya Kishafii. Wenye dai wana hoja, na haifai kuipuuza. Sura An-Nisaa, aya ya 29, inakataza waumini kujiua. Hadithi zinamtishia anayejiua kwa adhabu ya aina ile ile aliyojitendea. Na katika Sahihi Muslim, Jabir bin Samura anasimulia kwamba maiti ya mtu aliyejiua ililetwa kwa Mtume, naye hakumsalia.

Sasa tusome mpaka mwisho. Aya hiyo hiyo inayokataza inafungwa kwa kutaja rehema ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake. Kuhusu hadithi ya Jabir, Imamu An-Nawawi, mmoja wa nguzo za madhehebu ya Kishafii, anaeleza kwamba wapo waliosema asisaliwe, akiwamo Umar bin Abdul-Aziz. Lakini Malik, Abu Hanifa, Shafii na wanazuoni walio wengi wanasema anasaliwa. Mtume mwenyewe alijizuia ili watu waonyeke, kama alivyokuwa akijizuia kumsalia mwenye deni huku akiwaambia masahaba wamsalie mwenzao.

Kisha ipo hadithi ambayo haisikiki matangani, ingawa iko katika Sahihi hiyo hiyo. Sahaba Tufail bin Amr alihamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Yule mtu akaugua, maumivu yakamshinda, akajidhuru mikono hata akafa. Baadaye Tufail alimwota yuko katika hali njema, ila mikono ameifunika. Akasema amesamehewa kwa sababu ya kuhama kwake, lakini ameambiwa kwamba alichokiharibu mwenyewe hakitatengenezwa. Tufail alipomsimulia Mtume, Mtume aliomba Mungu aisamehe na mikono yake pia. Hadithi hiyo imewekwa chini ya mlango wenye kichwa kinachosema kwamba anayejiua hawi kafiri. Anayemkufurisha maiti katika msikiti wa Kishafii basi anapingana na Imamu wake mwenyewe.

"Kanisa linamkatalia mazishi."

Lilikuwa likifanya hivyo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917, kanuni ya 1240, iliwanyima mazishi ya Kikanisa waliojiua kwa makusudi bila kuonyesha dalili ya toba. Nyuma yake walisimama Augustino, aliyeandika kwamba amri ya kutoua inamhusu mtu na nafsi yake pia, na Thoma wa Akwino, aliyesema anayejiua anakosea dhidi ya maumbile, jamii na Mungu kwa pamoja. Bibi aliyefundishwa katekisimu na Mapadri Weupe anakumbuka sawasawa alichofundishwa.

Ila sheria ilibadilika. Katika Sheria ya 1983, kanuni ya 1184 inayoorodhesha wanaonyimwa mazishi haimtaji tena aliyejiua. Katekisimu ya 1992, namba 2282 na 2283, inaendelea kukikataza kitendo, lakini inakubali kwamba ugonjwa wa akili, hofu kuu au mateso vinaweza kupunguza hatia ya mtu, na inawataka waamini wasikate tamaa juu ya wokovu wake, kwa kuwa Mungu ana njia anazozijua yeye. Kanisa linawaombea. Padri anayekataa misa leo kwa sababu hiyo tu anatumia kitabu kilichofutwa.

Na hata kabla ya sheria zote hizo, Biblia yenyewe ilikuwa na mfano. Mfalme Sauli alijiua vitani. Watu wa Yabeshi-Gileadi walitembea usiku kucha kuuchukua mwili wake ukutani kwa maadui, wakaizika mifupa yake kwa heshima na kufunga siku saba.

"Mwenye imani ya kweli hawezi kuwaza hivyo."

Kama ni hivyo, tuwafute manabii. Eliya alikaa chini ya mti jangwani akamwomba Mungu aitwae roho yake. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Musa na Yona waliomba kufa. Katika Sura Maryam, Bibi Maryam akiwa na uchungu wa uzazi, peke yake, anatamani angekuwa amekwisha kufa na kusahaulika.

Tazama jinsi Mungu anavyowajibu. Eliya hakukemewa. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo juu ya kazi yake yalikuja baadaye. Maryam aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa autikise mtende ale tende, anywe, atulie. Vitabu viwili, jibu moja: chakula, maji, mapumziko na mtu wa kuwa karibu. Kwetu hiyo ni sahani ya ugali na sombe na ndugu atakayelala pale usiku. Hotuba juu ya udhaifu wa imani haimo katika masimulizi hayo.

"Karogwa. Tumtafute mchawi."

Dai hili lina huruma ndani yake: linamwondolea marehemu lawama. Tatizo ni linakoelekea. Mfumu, yaani mganga, huitwa, jina hutajwa, na mara nyingi ni la kikongwe asiye na wa kumtetea. Msiba mmoja unazaa mwingine, na yaliyomsumbua marehemu hayaulizwi.

Na yanaulizika. Ni huzuni nzito isiyoisha, pombe, maumivu ya muda mrefu, deni, aibu ya kubakwa, mume aliyeuawa, mtoto aliyechukuliwa porini. Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya, Madaktari Wasio na Mipaka wamewahudumia wanawake wengi waliobakwa, na sehemu ya tiba yao ilikuwa kuzungumza na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Anayetaka dua au kisomo cha ruqya na apate, hakuna anayemzuia. Lakini asiache kwenda kituo cha afya, maana huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa wenye dawa.

"Akinusurika, apelekwe polisi."

Kwa sheria ipi? Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya 1940 inafuata mkondo wa sheria za Ubelgiji na haina kosa la kujaribu kujiua. Wazo la jinai linatoka kwa majirani waliorithi sheria za Waingereza. Tanzania ingali na kifungu cha 217. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinavunja Katiba. Askari anayedai pesa kwa familia ya aliyenusurika Kasongo anatoza faini isiyokuwapo.

"Wanafalsafa na waandishi wamehalalisha kujiua."

Dai hili ni la vijana wa vyuo. Ni kweli kwamba Seneca wa Roma aliona mlango uko wazi, na David Hume aliandika insha ya kutetea haki hiyo, ikachapwa 1777 baada ya kufa kwake. Upande wa pili ni mrefu zaidi. Katika Phaedo ya Plato, Sokrates, akiwa mwenyewe amehukumiwa kufa, anafundisha kwamba sisi ni mali ya miungu na hatuna ruhusa ya kujiondoa. Aristotle aliona ni dhuluma dhidi ya mji. Kant alikataa kwa nguvu. Na Albert Camus, anayetajwa zaidi na wanaosoma kurasa za mwanzo tu, aliuliza mwaka 1942 kama inafaa kuyaishi maisha yasiyo na maana, akajibu kwamba tuendelee kuishi, kwa ukaidi.

Fasihi ina mwenendo wake. Okonkwo wa Chinua Achebe, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata katika *Shujaa Okonkwo* mwaka 1973, anakufa kifo ambacho ukoo wake unakiita chukizo, na rafiki yake Obierika anamgeukia mkoloni kwa hasira kwa kumfikisha mtu mkubwa pale. Euphrase Kezilahabi katika *Rosa Mistika* (1971) anatupeleka hatua kwa hatua toka fimbo za baba mkali hadi mwisho wa Rosa. Hakuna anayefunga kitabu hicho akitamani kuwa Rosa, ila baba wengi wanaweza kukifunga wakijitafakari. Mwandishi anaeleza jinsi mtu alivyofika huko, na kueleza hakulingani na kuruhusu.

Nawaachia wenye dai hili chembe moja ya ukweli. Habari inayosimulia njia iliyotumika, au inayomfanya marehemu shujaa, inaweza kuwavuta wengine. Watangazaji wa redio zetu wakumbuke hilo. Utafiti wa 2010 huko Austria ulionyesha kinyume chake pia: habari za watu waliofika ukingoni wakarudi zinaweza kuokoa.

"Ukimwuliza, unamtia wazo. Na anayesema hafanyi."

Yote mawili yanaua. Wengi waliojiua walikuwa wamedokeza kwa maneno au vitendo: kugawa vitu vyao, kuaga bila safari, kusema wao ni mzigo. Na utafiti haujaona kwamba kuuliza waziwazi kunampandikiza mtu wazo, bali huweza kumpunguzia mzigo. Paulo gerezani Filipi alimwona mlinzi akiwa tayari kujiua, akapaza sauti asijidhuru, kwa maana wafungwa wote wapo. Alitumia kelele na ukweli mmoja wa kumtuliza. Nasi tuulize: "Ndugu yangu, unawaza kujiua?" Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe nyumbani, na aende kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Na kama ni wewe unayesoma na wazo hilo unalo, mwambie mtu mmoja leo, yeyote unayemwamini.

Lawama ya mwisho ni ya wenye elimu. Shehe anaijua kauli ya Imamu Shafii, padri anaijua kanuni ya 1184, na mwalimu amemsoma Kezilahabi. Wakinyamaza, matanga yanaachiwa asiyejua. Yasemwe kwenye hotuba ya Ijumaa na misa ya Jumapili, wakati hakuna maiti mbele yetu, ili siku ikifika wafiwa wawe wameshasikia kwamba mtu wao ataoshwa, atasaliwa na kuzikwa na watu wake.