Miaka 30 jela haitawalinda watoto kama kesi haziishi



Jana nilikuwa mahakamani hapa Mpwapwa na hasira haijaniisha. Kesi ya kubakwa kwa mjukuu wangu imeahirishwa tena kwa sababu tabibu aliyejaza PF3, fomu yake ya polisi ya uchunguzi wa kitabibu, amehamishiwa mkoa mwingine na hakuletwa. Mshtakiwa, ambaye yuko nje kwa dhamana, alitoka akipeana mikono na ndugu zake. Mtoto akaniuliza, "Bibi, kwa hiyo nitakuja kusema tena?" Nilikosa jibu.

Ana miaka 11. Anayeshtakiwa ni mtu tuliyekuwa tukimkaribisha chakula nyumbani. Siku mtoto aliponieleza nilimchukua hadi kituo cha polisi kilicho karibu nasi. Pale kaunta palikuwa na watu waliokuja kwa mambo yao ya madeni na mbuzi walioibwa. Askari akamuuliza mbele yao wote, kwa sauti, alifanywa nini. Mtoto akainama. Akaulizwa tena. Nilipoomba tupewe chumba, nikaambiwa nisimfundishe askari kazi yake. Fomu za PF3 nazo zilikuwa zimeisha, nikaagizwa nikatoe kopi, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Zahanati wakasema bila fomu hawamgusi.

Kila mhudumu wa afya anajua kwamba aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72. Saa hizo zilikuwa zinakwenda huku mimi nahangaika kutafuta mashine ya kopi, kisha bodaboda wa kutufikisha hospitali ya mjini kwa barabara yetu ya mawe na makorongo.

Tuliporudi wazee walikuwa wanatusubiri. Walizungumza kwa upole, wakataja ujirani na kuoleana kwa koo zetu, wakasema mambo kama haya humalizwa nyumbani. Watatoa ng'ombe na gharama za matibabu. Mmoja wao ni kiongozi wa eneo letu, mtu aliyepaswa kuwa wa kwanza kutoa taarifa polisi! Wapo ndugu zangu wa damu walioona ni busara tupokee. Nilikataa, na mpaka leo baadhi yao hawanisalimii.

Viongozi wanatuambia sheria zetu ni kali. Ukali upo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na kifungo cha maisha kwa anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mtu atiwe hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Lakini mshtakiwa ana haki ya kutaka aliyejaza PF3 afike aulizwe, na tabibu akihamishwa sisi ndio tunaosubiri. Mahakama ya Rufani imewahi kumwachia huru mtu aliyekwisha kuhukumiwa, kwa sababu tu hakimu wa chini hakuandika kwamba mtoto aliahidi kusema kweli. Kosa ni la hakimu, hasara ni ya mtoto.

Basi sheria iimarishwe pale inapovuja. Ushahidi wa mtoto na wa tabibu uchukuliwe na kurekodiwa mapema, kabla mmoja hajahamishwa na mwingine hajatishwa. Kesi ya mtoto iwekewe ukomo wa muda. Na hili la kupelekeana ng'ombe litajwe waziwazi kuwa kosa lenye kifungo chake cha chini kwa yeyote anayelifanya, awe mzazi, mzee wa ukoo au mwenyekiti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana 1 kati ya 7. Wengi wa hao kesi zao ziliishia kwenye vikao kama kile kilichokaa kwangu, hilo silitilii shaka.

Wabunge wetu wakichangia suala hili husikika wakitaka wabakaji wahasiwe, na wenzao hupiga meza. Meza hizo ziko hapa hapa Dodoma, wala hatujapata nafuu kwa kupigwa kwake. Huku wakipiga meza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema hilo ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019, na Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ule ukapita hivi hivi. Kwa hiyo mzee anayetaka kumficha mhalifu ana njia nyingine ya kujaribu: binti aozwe kwa huyo huyo aliyemharibu. Na sijasahau tarehe 9 Desemba 2017, katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, jinsi watu waliofungwa maisha kwa kubaka watoto wa shule ya msingi walivyotangaziwa msamaha wa Rais na uwanja ukashangilia. Wazazi wa watoto wale walijisikiaje siku hiyo?

Nawaomba wabunge wa mkoa huu wapeleke marekebisho haya bungeni katika mkutano ujao. Na wewe msomaji, wakija kwako wazee na ng'ombe wao, usiwapokee. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, kisha mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi mlezi (jina langu lihifadhiwe kwa ajili ya mtoto),
Mpwapwa, Dodoma.