Mwezini Walikwenda, Kilichokatwa Ni Fedha

Kama Wamarekani walifika mwezini mwaka 1969 kwa mitambo ya kizamani, mbona hadi leo hawajarudi? Swali hili halikosekani vijiweni, na anayeliuliza huwa ameshahukumu: hawakwenda, ile ilikuwa sinema. Linaniudhi, si kwa sababu ni baya, bali kwa sababu lina jibu linalojulikana, na wasomi wetu, walimu wakiwemo, wanaliacha lipite.

Jibu limo kwenye bajeti. Mei 1961 Rais Kennedy aliliomba Bunge la Marekani ligharimie safari ya kumpeleka mtu mwezini, na Bunge likatoa. Kufikia 1966 shirika la NASA lilikuwa likipata zaidi ya asilimia 4 ya matumizi yote ya serikali kuu. Siku hizi halipati hata nusu ya asilimia moja.

Sasa tazama tarehe. Agosti 1968, karibu mwaka mzima kabla Neil Armstrong hajakanyaga mwezi, NASA ilikuwa tayari imeamua kutotengeneza roketi nyingine za Saturn V, roketi za safari za mwezini. Vita vya Vietnam vilikuwa vikimeza fedha na wabunge walikuwa wamechoka. Januari 1970 safari ya mwezini ya Apollo 20 ikafutwa, na Septemba mwaka huohuo zikafutwa nyingine mbili. Waliotua mwisho walitua Desemba 1972.

Roketi zilizobaki hazijafichwa. Nenda Houston utaikuta moja imelazwa ubavu ndani ya jengo, urefu wake takriban mita 110, imeunganishwa kwa vipande vilivyotengenezwa ili viruke kweli. Nyuma kuna injini tano, na mdomo wa kila moja ni mpana kiasi kwamba mtu mzima anasimama ndani akiwa amenyoosha mikono. Anayesema yote yalikuwa maigizo atueleze ni nani huunda dude la namna hiyo kwa ajili ya uongo, kisha akaliacha bila kulirusha ili kubana matumizi. Atueleze pia kwa nini Wasovieti, waliokuwa na kila sababu ya kumuumbua mpinzani wao, walinyamaza.

Wala tusidhani mambo haya yalitupita mbali. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, kituo cha Wamarekani kilichokuwa Unguja kilikuwa miongoni mwa vilivyomfuatilia angani. Kilifungwa 1964, baada ya Mapinduzi. Mitambo ilikuwa mizima. Siasa ndiyo iliyobadilika.

Imani kwamba hawakwenda ina madhara. Inamfundisha kijana kwamba teknolojia husonga mbele yenyewe, kwamba kilichowezekana jana lazima leo kiwe rahisi zaidi. Si kweli. Kiwanda kikifungwa, mafundi hutawanyika, wazee wenye ujuzi hustaafu, na anayetaka kuanza upya huanza karibu na sifuri. Zaidi ya hapo, imani hiyo inawaficha wanasiasa. Julai 2011 Marekani ilistaafisha vyombo vyake vya anga vya Shuttle bila kuwa na kingine tayari, na mpango wa kurudi mwezini ulioanzishwa na Rais Bush ulikuwa umeshafutwa na mrithi wake. Bunge nalo likawa linatoa pungufu ya fedha zilizoombwa kwa vyombo vipya vya kampuni binafsi. Kwa karibu miaka 9 taifa lililotua mwezini likawa linanunua viti kwa Warusi ili wanaanga wake wafike kwenye kituo cha kimataifa cha anga, bei ya kiti kimoja ikipanda hadi kupita dola milioni 80.

Wanaosema matajiri kama Elon Musk wataziba pengo wasisahau kwamba chombo cha kampuni yake ya SpaceX kilichomaliza utegemezi huo mwaka 2020 kilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za NASA, yaani kodi za wananchi.

Na mchezo unaendelea. Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kupunguza bajeti ya NASA kwa karibu robo na kuachana na SLS, roketi mpya ya kurudi mwezini, baada ya safari chache tu. Miezi miwili baadaye Bunge likapitisha takriban dola bilioni 10 za nyongeza, fungu kubwa zaidi likiwa la kuinusuru roketi hiyohiyo. Mhandisi anayebuni chombo cha safari ya miaka sita ijayo hajui kama mradi wake utakuwa hai mwakani. China imetangaza kwamba itafikisha watu wake mwezini kabla ya 2030, na mpango wake haufumuliwi kila rais mpya anapoapishwa Washington.