"Siwati": Mizani Haikumlazimisha Mshairi

Waalimu wengi wa fasihi huwafunza wanafunzi kwamba mshairi hutumia lahaja ili kutosheleza mizani na vina. Juzi, nilipoalikwa huku Mnarani kuzungumza na wanafunzi, jibu hilo nililisikia tena, likitamkwa kwa sauti moja kana kwamba ni kanuni ya hesabu. Tulikuwa tukilichambua shairi la "Siwati" la Abdilatif Abdalla, lililomo katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani aliyoitunga kifungoni kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?

Hebu tulipime jibu hilo. "Siwati" ni Kimvita. Kiswahili sanifu husema "siachi". La kwanza lina silabi tatu, la pili tatu vilevile. Vina navyo? Neno hilo limekaa mwanzoni mwa mshororo, mahali pasipodai kina. Basi mshairi hakulazimishwa na chochote. Alichagua lugha ya kwao Mombasa, katika shairi linalohusu mtu kushikilia alichokichagua, atishwe au ahongwe.

Tena tulitazame neno lenyewe, maana hapa ndipo isimu inapomfaa mhakiki. Katika "hatuwati", kikanushi ha- kimetengana na nafsi tu-. Katika "siwati", nafsi na ukanushi vimo katika silabi moja, si-, wala huwezi kuvitenga. Kiambishi cha wakati nacho hakipo: si jana, si kesho. Takriri hulirejesha neno hilo mwanzoni mwa mishororo mitatu ya ubeti. Wa nne hushika njia nyingine, ila katikati yake huchukua kina cha mwisho cha ile mitatu, kisha hutua kwa sauti mpya.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama maelezo haya yatampatia alama katika mtihani. Swali la haki kabisa! Akiandika "tarbia, takriri, mizani kumi na sita", atazipata. Akieleza takriri hiyo inafanya kazi gani, hana hakika, na wanafunzi hujifunza upesi kutoandika wasilo na hakika nalo.

Mwalimu atakayelifunza shairi hili muhula ujao namwomba aandike ubeti mmoja ubaoni mara mbili, kwa "siwati" na kwa "siachi", kisha awaache wanafunzi wausome kwa sauti.